Siku moja kazini: Kutafuta undugu wa lugha za Alor na Pantar

Saa mbili asubuhi huwa nimeshafungua majedwali ya msamiati. Ninalinganisha lugha za visiwa vya Alor na Pantar, mashariki mwa Indonesia, zipatazo 20, ambazo huhesabiwa kuwa za Kipapua ingawa ziko mbali sana na kisiwa cha Guinea Mpya. Jina hilo halithibitishi undugu. Linakusanya tu lugha takriban 800 za eneo hilo zisizo za Kiaustronesia (familia kubwa ya visiwani yenye Kiindonesia na Kimalagasi), na ndani yake zimo familia nyingi ambazo hakuna aliyeweza kuziunganisha.

Mpaka saa tano nashughulikia sauti. Nguruwe ni bei kwa Kikaera, pe kwa Kikamang na fe kwa Kiabui. Samaki ni ab, api na afu. Maneno mawili kufanana yaweza kuwa bahati tu. Kinachonishawishi ni kwamba penye b ya Kikaera, Kikamang huwa na p na Kiabui huwa na f, neno baada ya neno, jambo lisiloelezeka vizuri ila kwa kukubali kwamba lugha hizo zimerithi sauti moja kutoka lugha mame, yaani lugha moja ya kale iliyozizaa zote. Ndiyo njia ambayo mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof aliitumia mwaka 1899 kwa lugha za Kibantu.

Saa sita nafika kwenye mahindi: batar, patei, fati. Mlingano ni uleule, lakini zao lenyewe lilitoka Amerika na halikufika huko kabla ya karne ya 16, lugha hizi zikiwa zimeshaachana zamani. Maelezo yanayokubalika ni kwamba neno lilikopwa kutoka lugha ya Kiaustronesia likiwa jina la nafaka nyingine, enzi ambayo lugha mame ilikuwa bado moja, likapitia mabadiliko yote ya sauti, kisha mahindi yalipoingia yakapewa jina hilo. Kwangu hakuna ushahidi mzuri kuliko huu, maana hata neno la mkopo linatuonyesha ukale wa familia.

Alasiri ni zamu ya viwakilishi vya nafsi. Mwaka 2005 mwanaisimu Malcolm Ross alivitumia kuzigawa lugha za Kipapua katika familia 23 na lugha kadhaa zisizo na ndugu, na hizi za Alor na Pantar akaziweka ndani ya Trans-New Guinea, familia kubwa kuliko zote. Hoja yake ina uzito, kwa kuwa viwakilishi havikopwi kirahisi, na na- ya nafsi ya kwanza iko pande zote mbili. Hata hivyo ga, ambayo katika Trans-New Guinea ya awali ni "wewe", huku ni "yeye". Tena Kiswahili nacho kina ni- bila undugu wowote na Papua.

Saa kumi na moja jioni naandika rasimu. Undugu na lugha za Timor kama Kibunaq na Kimakasae nauandika kuwa umethibitika, kwa sababu milingano ya sauti ipo. Ule wa Trans-New Guinea nauacha kwenye sehemu ya dhana mpaka milingano ya namna hiyo ipatikane.