Jioni ya Mechi Kwenye Maegesho ya Maduka

Siku ile nilikuwa zamu kwenye geti la kutokea la maegesho ya maduka, jirani kabisa na uwanja wa mpira. Nafasi zilikuwa 400. Mechi ilikuwa ianze saa 11 jioni, lakini saa 9 alasiri maegesho yalishajaa, huku madukani wauzaji wamekaa bila wateja.

Chanzo kilikuwa bei. Ukae nusu saa, ukae kutwa, unalipa kilekile. Mnunuzi wa kawaida humaliza mambo yake kwa saa moja hivi. Shabiki aliyeingia saa 9 hatoki kabla ya saa 1 usiku. Nafasi ya kupokea wateja wanne ikashikwa na gari moja.

Lililoniuma zaidi ni la mama mmoja mwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amepaki panapostahili, kwenye nafasi ya wenye ulemavu, yenye ukanda wa mistari ya mshazari wa mita 1.2 ubavuni. Ukanda ule ndio mlango wake. Bila huo, kiti hakifiki garini. Aliporudi na mifuko mapajani akakuta mtu amepaki juu ya ukanda huo. Kati ya magari mawili mkono ulipita, kiti hakikupita. Tulitangaza namba ya gari kwa kipaza sauti, bure: mwenyewe alikuwa uwanjani. Gari la kuvuta nalo halikuweza kuingia. Njia ya ndani ilikuwa na upana wa mita 6, na waliokosa nafasi walipaki kandokando yake. Gari moja likila mita 1.8, zinabaki 4.2: gari dogo linapita likinyooka, ila lililo nafasini halitoki kinyumenyume, maana kona inakuwa kali mno, na gari la kuvuta haligeuki kabisa.

Mpira ulipokwisha, wote wakaja getini kwangu kwa pamoja. Dereva ashushe kioo, atafute tiketi, alipe, angoje chenji, kizuizi kinyanyuke: sekunde 20. Hiyo ni magari 180 kwa saa, na tiketi iliyokunjwa kwenye mistari ya msimbo mashine haiisomi. Nikanyanyua kizuizi kabisa, watoke bila kulipa. Haikutosha, maana mashabiki wa miguu walikuwa wakikatiza mbele ya geti bila kukoma. Wenzangu wawili wakasimama na koni, wakawa wanazuia watu dakika moja magari yapite, kisha wanawaachia nusu dakika.

Mwenye lile gari alifika saa 1:20 na kuliondoa. Mama akapanda, lakini mbele yake foleni ilikuwa imejaa mpaka ukutani. Hapo ndipo tulipoligeukia geti la kuingilia, ambalo saa ile halikuwa na kazi. Tukapanga koni barabarani kuzuia wanaoingia, tukafungua, akatoka yeye wa kwanza. Nyuma yake foleni ikagawanyika mara mbili.