Nilivyoipima pumzi ya kaa

Mtu aliyesomea sauti za lugha aliniambia fonetiki akustika, yaani kupima matamshi kwa vyombo, nisiiguse bila studio. Mwingine akasema nyanya yangu, mama wa mzazi wangu, anitumie tu sauti kwa WhatsApp. Ushauri wote huo mbovu, na ulinichelewesha.

Nilitaka kukiona kwa macho kile ambacho sisi wa Mombasa tunakisikia tangu utotoni: kaa wa baharini hutamkwa kwa pumzi, kaa la moto halina. Kuna waliobisha kwamba ni sauti moja.

Ujumbe wa WhatsApp huminywa uwe mwepesi, na kwenye spektogramu, ile picha ya sauti, pumzi ikaja ukungu mtupu. Studio yangu ikawa kabati la nyanya, limejaa leso na mabuibui, milango wazi, naye amelielekea. Nguo hunywa mwangwi. Tulirekodi baada ya Alfajiri, feni imezimwa, tuktuk za Mji wa Kale hazijaanza. Faili iwe WAV, aina isiyominya sauti, yenye vipimo 44,100 kwa sekunde (44,100 Hz), na maikrofoni ikae shubiri moja pembeni mwa mdomo. Ikiwa mbele, pumzi huipiga ikavuma.

Kazi ilikuwa kumfanya aseme kama asemavyo siku zote. Nilipompa orodha ya maneno asome, kama nilivyoambiwa, alilikazia kila neno mpaka yote yakawa na pumzi. Basi karatasi nikaiweka kando. Nikaleta kaa mzima wa sokoni, na kaa jeusi kutoka seredani, nikavichanganya na vitu vingine asijue natafuta nini. Kila nikiinua kimoja, aseme: “Nimeokota … leo.”

“Mjukuu wangu, kaa huyu umemnunua, mimi nimemwokota wapi?”

“Sema tu, nyanya.”

Akasema, na ikatoka safi kabisa.

Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ndiyo niliyotumia. Unapima tangu k inapopasuka hadi mstari wa kwanza wa irabu, pale nyuzi sauti zinapoanza kutetema. Kipimo hicho wanaisimu Lisker na Abramson walikitumia mwaka 1964 kwa lugha 11, Kiswahili hakikuwamo. Kaa wa baharini alivuta zaidi ya mara mbili ya kaa la moto, na katikati yake mchakacho wa pumzi unaonekana waziwazi. Nilifurahi mno! Picha nikamtumia yule wa studio.

Ila msemaji mmoja hatoshi. Kisauni nina binamu, na hao nitawapima kwa chungu cha kupikia na chungu wa kwenye sukari.