Nimerudi Gazi: tope la mikoko si tope la Essex

Nimerudi Kwale, pwani ya Kenya, baada ya miaka tisa ya kupima kaboni iliyohifadhiwa kwenye tope la mabwawa ya nyasi za chumvi huko Essex, Uingereza. Neno langu kwa vijana wanaopima mikoko ya Gazi: utaratibu wa kule msiuchukue mzima mzima, utawadanganya.

Kanuni ni moja. Maji ya bahari hujaa ndani ya tope, hewa haipenyi, mizizi iliyokufa huoza polepole mno. Bakteria waliomo hutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, na ile harufu ya mayai viza ni kazi yao. Hivyo kaboni hukaa karne nyingi, hadi miti ikatwe, tope lipigwe jua na hewa iingie.

Kwanza bomba la kuchotea tope. Kule mizizi ni myembamba, bomba la plastiki hushuka kwa nyundo. Chini ya mkoko hukutana na mzizi, huusukuma mbele na tope hubanwa: umeshuka sentimita 100, ndani mna 80. Uzito kwa ujazo, yaani gramu za tope kavu kwa kila sentimita ya ujazo, unapanda bure. Tumieni kile chombo cha nusu bomba chenye ubapa unaozunguka. Unakizamisha, unakizungusha nusu duara, kinakata pembeni bila kubana. Nendeni siku za bamvua, maji yakipwa.

Kateni kipande cha sentimita 5 kutoka kila tabaka: 0–15, 15–30, 30–50, 50–100. Kwa chombo cha kipenyo cha sentimita 6.4, kipande kina takriban sentimita 80 za ujazo. Kikaushwe kwa nyuzi 60 mpaka uzito usishuke tena. Kikibaki gramu 40, uzito kwa ujazo ni 0.5.

Penye hatari hasa ni chokaa. Mito ya Mkurumuji na Kidogoweni inaleta udongo, bahari inaleta makombe na unga wa matumbawe. Mashine ya kupima kaboni haitofautishi kombe na mzizi. Tuseme inasoma asilimia 7, na 2 kati yake ni ya chokaa. Kwa kina cha mita moja, ikiwa tope lote lina uzito huo wa 0.5 na asilimia hizo, mtaandika tani 350 kwa hekta badala ya 250. Tani 100 za hewa tupu! Tonesheni asidi ya haidrokloriki mpaka povu likome, suuzeni, kausheni, kisha pimeni uzito upya. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika. Gramu 100 zikibaki 83, mashine itasoma takriban 6. Zidisheni kwa 0.83 mpate 5.

Kuchoma tope kavu kwa nyuzi 450 kunaunguza mabaki ya viumbe bila kugusa chokaa, lakini uzito unaopotea si kaboni tupu. Kaboni ni chini ya nusu yake.

Na lebo ziandikwe kwa penseli, moja ndani ya mfuko na moja nje. Wino hufutika kwa maji ya chumvi kabla hamjafika barabarani.