Nusu Iliyopotea

Majira ya baridi ya 2009 nilikuwa Hamburg, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya fizikia, na nilipewa zoezi lililodaiwa kuwa la wiki moja. Nichukue vipimo vya zamani vya SLAC, ule mtambo wa California wenye urefu wa kilomita 3, ambako tangu 1967 elektroni zilirushwa kwenye hidrojeni na kwenye hidrojeni nzito, ambayo kiini chake kina protoni na neutroni. Elektroni ikigonga, hutawanyika. Pembe iliyoshika na nishati iliyobaki nayo ndivyo vinavyokwambia imegonga nini. Friedman, Kendall na Taylor walionyesha hivyo kwamba protoni si donge moja, wakapata Nobeli ya 1990.

Mimi nilitakiwa kupima tu eneo lililo chini ya mchoro wa protoni, kisha wa neutroni, nijue kwaki, zile chembe ndogo zilizomo ndani yake, zinabeba sehemu gani ya momenta yote, yaani tungamo mara kasi. Protoni ikatoa 0.18, neutroni 0.12. Milinganyo miwili ya kidato cha pili: kwaki za aina iitwayo "juu" 0.36, za aina iitwayo "chini" 0.18. Jumla 0.54.

Nilitarajia 1.

Siku nne nikaifukua programu yangu mstari kwa mstari. Usiku wa nne, saa nane, nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia najikuna kichwa: nikazidisha jumla kwa 2, na pembeni nikaandika "kwa sababu ya spini", ile sifa ya chembe inayofanana na kujizungusha. Ikawa 1.08. Nikalala fofofo.

Asubuhi jikoni nilimsimulia mwenzangu wa bweni, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa akisomea uhasibu. Alicheka hadi akaweka mwiko chini. "Wacha! Nusu ya pesa ikikosekana kwa vitabu huwezi zidisha mara mbili. Unatafuta nani amekula."

Profesa hakucheka. Aliizungushia ile 2 duara kwa penseli, akauliza spini imeingilia wapi. Nikakosa la kusema. Akaikata.

"Elektroni inaona nini ndani ya protoni?"

"Chaji."

"Na kitu kisicho na chaji?"

Masikio yaliniwaka moto. Karibu nusu ya momenta imebebwa na gluoni, hizo zinazozishikamanisha kwaki, na kwa kuwa hazina chaji ya umeme elektroni huzipita kama mtu apitavyo mlango uliofungwa. Jibu langu la kwanza lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza! Profesa akanyoosha penseli dirishani, upande wa magharibi: alama za gluoni zilionekana 1979 mji huuhuu, kwenye mtambo wa PETRA. Nilikuwa nikipita karibu na pale kwa basi kila wiki.

Jioni nikamwambia Mkenya wangu kwamba mwizi amejulikana.

"Anaitwaje?"

"Gluoni. Hana chaji, ndiyo maana sikumwona."

Akageuza chapati yake. "Kama hana chaji, lazima hapatikani."