Kumbukumbu ya mradi: ngalawa ya herufi kwenye mistari 24

Machi, mwanzoni

Mradi wangu wa muhula huu ni mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja. Kila kinachoonekana ni herufi na alama za kibodi. Mwamba ni #, samaki ni <><, na ngalawa ni /A\. Mchezaji anaitoa ngalawa bandari ya Tanga na kuipitisha kwenye mlango wa maji kati ya miamba inayoshuka kutoka juu ya skrini. Njiani anaokota samaki. Akigusa mwamba, safari imeisha.

Ninaandika kwa lugha ya Python, kwa kutumia maktaba ya curses, inayopanga herufi kwenye skrini na kusoma kibodi. Uwanja ni safu 80 kwa mistari 24, kipimo kilekile cha terminali (skrini ya maandishi matupu na kibodi) ya VT100 iliyotoka mwaka 1978. Kompyuta za maabara yetu ni za siku nyingi, lakini mchezo wa namna hii hauhitaji kadi ya picha. Wenzangu wameuliza kwa nini nisitengeneze mchezo wa simu wenye rangi. Nataka kuuona mchezo mpaka ndani, kila hesabu niiandike mwenyewe. Tena naamini kinachomkalisha mtu kwenye mchezo ni mwendo wake: kitu kije lini, kwa kasi gani, na mkono upate nafasi ya kujibu. Hilo herufi zinaliweza.

Kwa atakayefuata njia hii: kwenye Linux curses huja pamoja na Python, kwenye Windows haimo. Kuna kifurushi kinachoitwa windows-curses. Nilikipakua kwa bando la simu nikakipeleka maabara kwa flashi. Hakikisha toleo la kifurushi linaendana na toleo la Python lililomo kwenye mashine, la sivyo hakitaingia.

Machi, katikati

Kitanzi kikuu kimekamilika. Kinasoma kibodi, kinasogeza vitu, kinachora, kinapumzika kidogo, kisha kinarudia. Kwa kawaida amri ya getch hukaa ikingoja mtu abonyeze, na wakati huo miamba nayo inasimama. Ukiweka nodelay(True), getch hurudi papo hapo, na kama hakuna kilichobonyezwa hurudisha -1. Mstari huo mmoja ndio unaofanya bahari isimngojee mtu.

Skrini ilikuwa ikimetameta. Dawa yake ni kufuta kwa erase() badala ya clear(). Clear huilazimisha skrini nzima ichorwe upya, lakini ukitumia erase, curses hulinganisha sura ya zamani na mpya, kisha hutuma zile herufi zilizobadilika tu.

Kisha kuna suala la kasi. Mashine mbili zenye nguvu tofauti zitauendesha mchezo mmoja kwa mwendo tofauti ukihesabu mizunguko ya kitanzi. Mchezo wa Space Invaders wa mwaka 1978 una kisa kizuri hapa. Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito aliona kwamba kadiri wavamizi wanavyopungua, waliobaki wanakwenda mbio zaidi, kwa kuwa mashine ina vitu vichache vya kuchora. Aliiacha hali hiyo ibaki, ikawa ndiyo utamu wa mchezo. Mimi siwezi kutegemea udhaifu wa mashine, maana sijui nani atacheza kwenye nini. Nasoma saa kwa time.monotonic(), napata muda uliopita tangu mzunguko uliotangulia, nazidisha kwa kasi. Miamba sasa inashuka mistari 8 kwa sekunde popote pale.

Aprili

Mwezi huu wote ulimezwa na jambo moja, na ninafurahi kwamba ulimezwa.

Terminali ya kawaida hukuambia kibonyezo kimebonyezwa, haikuambii kimeachiwa. Mtu akishikilia mshale wa kulia, inakuja ishara moja, inapita kimya fupi, kisha zinamiminika nyingi mfululizo. Akiinua kidole, hakuna habari yoyote. Kwenye mchezo, ngalawa inaruka hatua moja, inasita, halafu inakimbia. Hilo linakera sana, kwa sababu kusita kunatokea wakati uleule mwamba umekaribia.

Nilikwenda Deep Sea, pale soko la samaki, kumwonyesha mjomba wangu mchezo kwenye kompyuta yangu. Mjomba ni mvuvi tangu ujana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ehe, hiki chombo chako mbona kinakwenda kama kaa?"

Nikamweleza habari ya kibodi. Akatazama kidogo, akasema, "Chombo kikishashika upepo hakisimami kwa kuwa wewe umeachia mkono. Unakielekeza, kinakwenda. Ukitaka kingine, ukielekeze tena."

Jibu lilikuwa hapo. Sasa mshale wa kulia unaipa ngalawa mwelekeo wa kulia na inaendelea hivyo mpaka ibonyezwe kushoto, au mshale wa chini unaoishusha kasi. Sihitaji tena kujua kidole kimeinuliwa lini. Kasi ya pembeni haibadiliki ghafla. Inapanda na kupungua taratibu, kwa hiyo lazima uanze kugeuza kabla mwamba haujafika. Mwanafunzi mwenzangu wa Ngamiani aliyecheza matoleo yote mawili alisema la kwanza lilimpa hasira na la pili lilimpa kazi. Kazi ndiyo niliyoitaka.

Jambo dogo linalosahaulika: nafasi ya herufi moja kwenye terminali ina kimo kama mara mbili ya upana wake. Mistari 8 kwa sekunde kwenda chini inaonekana kwa jicho sawa na safu 16 kwa sekunde kwenda pembeni. Nimeipa ngalawa safu 16 kama kasi ya juu kabisa.

Mei

Nimeingiza maji kujaa na kupwa, na mchezo umepata roho.

Mwanzoni niliupangia ugumu kwa ngazi: ya kwanza rahisi, ya pili ngumu, ya tatu ngumu zaidi. Ilikuwa inachosha, kwa sababu mchezaji anabanwa bila kupata pa kupumulia. Bahari haiendi hivyo. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa 12 na dakika 25 kutoka kujaa hadi kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Tanga hupita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo.

Kwenye msimbo hilo ni mstari mmoja: upana wa mlango ni 16 kujumlisha kina (yaani ukubwa wa badiliko la maji) mara sin ya muda. Duru moja ya maji nimeifanya sekunde 60. Kwa maji mafu kina ni 3, kwa hiyo mlango unacheza kati ya safu 13 na 19. Kwa bamvua ni 9: unapanuka hadi safu 25, unajiona bingwa, kisha maji yanapwa na umebaki na safu 7 kwa chombo chenye upana wa 3. Miamba iliyofunikwa inaonekana kama ~ na ngalawa inapita juu yake. Maji yakishuka, ~ hiyohiyo inageuka #. Katikati ya mlango haihami zaidi ya safu moja kwa kila mstari, kwa hiyo njia ya kupita ipo daima. Hili silegezi hata kidogo. Mchezaji akipoteza, awe na hakika kwamba njia ilikuwepo.

Samaki nao wamefuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga wa taa. Basi bamvua ya giza ina samaki wengi, bamvua ya mwezi mpevu ina wachache, na hatari ni ileile. Mchezaji anaiona hali ya mwezi kwenye mstari wa juu kabla ya kung'oa nanga, naye anaamua kutoka au kungoja.

Juni

Alama za juu zinahifadhiwa kwenye faili la maandishi, herufi tatu za jina na pointi. Kazi ndogo, imekwisha.

Kilichobaki ni upepo. Kaskazi inayosukuma kutoka nyuma ni rahisi, naongeza tu kasi ya kushuka kwa miamba. Kusi ikivuma usoni, ngalawa itabidi iende bisho, kushoto kisha kulia, ndani ya mlango unaozidi kubana. Nimejaribu kwa safu 13 na inawezekana. Kwa safu 7 haiwezekani, na sitaki kuvunja ile ahadi ya njia kuwepo daima, kwa hiyo kusi itavuma wakati wa maji mafu peke yake mpaka nipate hesabu iliyo bora zaidi.