Kipingo cha Ngazi

Katika nyumba zetu za Pemba, hatari ninayoihofia zaidi pale umeme unapotengenezwa haitoki kwa fundi asiyeijua kazi yake, bali kwa mtu wa nyumbani mwenye nia njema. Fundi amezima meni swichi, yuko darini, ameshika waya wa pampu. Huku chini mtoto anaona feni imesimama. Kukatika na kurudi kwa umeme tumekuzoea tangu enzi za majenereta, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kutufikia mwaka 2010, kwa hiyo mtoto anakwenda kukagua swichi, anaikuta imelala, anaipandisha.

Viwandani dawa yake inajulikana: anayetengeneza mtambo hufunga swichi kwa kufuli lake, na ufunguo hubaki mfukoni mwake. Marekani ilichapisha kanuni ya namna hiyo mwaka 1989, lakini ni ya mahali pa kazi. Nyumbani kufuli lingesahauliwa siku ya kwanza ya haraka, nami nilitaka kifaa kisichomtegemea mtu kukumbuka.

Ngazi yetu ndefu hutundikwa ukumbini kwenye vyango viwili vya mbao, ubavuni mwa ubao wa swichi. Katika ubao huo seremala wa mtaani amechonga mfereji, na ndani yake hupita kipingo cha mti wa mfenesi. Kikisukumwa kulia, hubana mguu wa ngazi. Kikisukumwa kushoto, huiachia ngazi na kuziba njia ya kidole cha swichi. Kidole kikiwa juu, kipingo hakipiti, hivyo hakuna awezaye kuichukua ngazi bila ya kuzima kwanza. Ngazi ikishatoka, kijiti hushuka kwa uzito wake nyuma ya kipingo na kukizuia kurudi, wala hakiinuki mpaka mguu wa ngazi urejeshwe na kukisukuma juu. Mbao niliichagua kwa sababu ikiwa kavu haipitishi umeme kirahisi, na chuma kwetu huliwa na upepo wa chumvi. Masika, hata hivyo, ilivimba na kukwama. Ikabidi mfereji upanuliwe na kupakwa nta.

Pingamizi kubwa lilitoka kwa mama mkwe. "Baba, hata kuchuma shokishoki nako kunataka friji izimwe?" Hoja yake ilikuwa ya haki. Fundi umeme akatenganisha njia, na sasa kipingo kinafunga breka za taa na pampu tu. Mpango huu unafaa pale tu ambapo waya wa soketi haupiti darini; ukipita, ni heri friji izimwe.

Wapo wanaoniambia kwamba kifaa cha kukata umeme unaovuja kinatosha. Ninacho, na ninakithamini: kile alichobuni Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1961, kilikata pale miliampea 5 tu zinapopotea njia, na vya mifumo ya volti 230 kama wetu kwa kawaida hutegwa kwenye 30. Lakini hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi; ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na wa nyutro kwa mwingine, hakioni tofauti yoyote, nacho hunyamaza. Isitoshe, hukata baada ya mtu kuguswa, na aliye juu ya ngazi mshtuko mdogo tu unatosha kumwangusha.

Jambo ambalo kipingo hakiliwezi ni jenereta. Jenereta ikiwashwa na kuingizwa kwenye nyaya za nyumba, breka za upande mwingine hata zilale vipi, nyaya za darini zina umeme. Kwa hiyo nimeiwekea swichi ya kubadilishia, yenye nafasi ya kati isiyopeleka umeme popote, na seremala anachonga kipingo cha pili kitakachoishikilia hapo katikati wakati wote ngazi ikiwa nje.