Mnyoo habahatishi: nilivyoirekebisha modeli yangu

Kwa wiki tatu modeli yangu ilinidanganya. Nilikuwa naandika programu ya kuiga namna mnyoo wa kompyuta, yaani programu haribifu inayojinakili yenyewe, anavyoenea kwenye mtandao wa rika kwa rika, yaani ule ambao kompyuta za watu hupeana mafaili zenyewe kwa zenyewe bila seva ya katikati. Nilianza na milinganyo ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, iliyotungwa kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza. Mchoro ukatoka safi, nikauamini. Hata Slammer, mnyoo wa Januari 2003, alianza vivyo hivyo: mwanzoni kompyuta alizoziingia zilikuwa zikiongezeka maradufu kila sekunde 8.5.

Ila Slammer alikuwa anajirusha kwenye anwani za kubahatisha. Mnyoo wa rika kwa rika abahatishe nini, wakati orodha ya majirani anaikuta humo humo ndani ya mashine?

Hilo nililielewa Mwenge, Dar es Salaam, kwa kaka mmoja anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi. Aliniita: "Mdogo wangu, hebu njoo uone." Kila flashi iliyorudi, mafolda yalikuwa yamefichwa, mahali pake kuna shotikati zenye majina yale yale. Nilisafisha alasiri nzima. Wateja walitoka Sinza, Ubungo, Makongo. Hawajuani, lakini flashi zao zote zinapita kwenye kompyuta ile moja. Kwenye modeli yangu hapakuwa na kompyuta kama hiyo. Zote nilizifanya sawa.

Nikaifumua. Nilijenga mtandao wa nodi 2,000, kila nodi ikiwa kompyuta moja, kwa njia ya Barabási na Albert ya mwaka 1999: kila nodi mpya inaunganishwa na mbili za zamani, na zenye viunganisho vingi ndizo zinazovutia zaidi. Mnyoo nikamruhusu kupita kwa majirani tu. Umeme ulikatika mara mbili, ndipo nikajifunza kuhifadhi matokeo kila baada ya raundi.

Kisha nikachanja nodi 100, yaani nikazifanya zisiambukizike. Nilipoziokota ovyo, mnyoo alienea karibu kama kawaida. Nilipochanja 100 zenye majirani wengi zaidi, mara nyingi alizimika mapema. Kila jaribio nililirudia mara 50, maana mara moja haitoshi: mnyoo anaweza kufa kwa bahati tu.

Yule kaka sasa anaskani kila flashi kabla ya kuifungua. Mimi nimebakiza jambo moja, nalo ni gumu: watu huzima kompyuta zao usiku, na orodha za majirani hubadilika. Ndiyo sehemu ninayoiandika wiki hii.